Banda la sinema bubu Unga Ltd: nimemaliza Jumapili zote sita na lile jitu la nyusi

Wakuu habari zenu. Pale sokoni Kilombero hapa Arusha nimeshaulizwa sana kuhusu hili banda, kila nikimwambia mtu naenda kuangalia sinema zisizo na sauti ananishangaa, kwa hiyo juzi baada ya kumaliza ile ya mwisho nimeona bora niandike yote kwa mkupuo, anayetaka kwenda aende akijua anaenda kuona nini.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Jumapili nafunga saa saba, napitia Ngarenaro kwa dada yangu namchukua mwanae, ana miaka tisa, tunatembea kwa miguu mpaka Unga Ltd. Wiki sita mfululizo hatujakosa hata moja. Banda lenyewe ni haya haya mabanda umiza tunayoyajua, siku za kawaida wanaonyesha mpira na muvi zilizotafsiriwa, juu mabati, pembeni mbao, mapazia meusi mazito ukutani ili mwanga usipenye, mabenchi kama kumi na tano hivi, chini vumbi ila wananyunyizia maji kabla watu hawajaingia. Mbele wamevuta shuka jeupe limenyooka halina kunjo hata moja, projekta imefungwa kwenye boriti. Kiingilio mtoto 500 mkubwa 1,000, na mlangoni kuna mama anauza karanga na ubuyu, karanga zake ni za moto kweli, hachanganyi na za jana.

Bango la nje limeandikwa CHARLIE CHAPLIN kwa rangi nyekundu basi. Na hapo ndo nataka nianzie, maana mimi sikwenda kwa ajili ya Chaplin.

Marehemu baba alikulia upande wa Meru, na alikuwa na stori moja aliyoirudia mpaka sisi watoto tukaijua kwa moyo. Enzi za mkoloni gari la sinema lilikuja kijijini kwao, wakafunga shuka katikati ya miti miwili, giza lilipoingia wakaanza kupiga picha. Zilipigwa za kilimo, zikapigwa za usafi, halafu mwishoni ikapigwa ya Chaplin ili watu wacheke. Ila baba alichokibeba mpaka uzeeni sio Chaplin. Ni yule adui. Alikuwa anamwita lile jitu la nyusi, anainua mikono yake miwili anaiweka juu ya macho inapinda kwenda juu kama pembe, anatutolea macho, sisi tunakimbilia kwa mama. Jina lake hakuwahi kulijua. Alikufa hajalijua.

Sasa jitu la nyusi lina jina, anaitwa Eric Campbell. Alitokea Uingereza, kwenye kundi la maigizo la Fred Karno, kundi hilo hilo alilotoka Chaplin, ambako vichekesho vingi vilikuwa vya vitendo tu bila kusema neno. Mwaka 1916 Chaplin alisaini na kampuni ya Mutual mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka, hela ambayo wakati ule ilikuwa gumzo la dunia, atengeneze filamu 12 fupi fupi. Campbell yumo kwenye 11. Ile moja iliyobaki Chaplin anacheza karibu peke yake, kwa hiyo unaweza kusema kila palipohitajika adui aliitwa yeye. Ya kwanza ilitoka Mei 1916, ya mwisho Oktoba 1917. Mwaka mmoja na nusu hivi, na kwa mwaka mmoja na nusu huo ndo watu wanamkumbuka mpaka leo.

Mwenye banda ndo kafanya kitu ambacho sijawahi kukiona sehemu nyingine, kazipanga zile 11 kwa jinsi zilivyotoka, mbili mbili kila Jumapili na ya sita moja peke yake. Kila moja ni dakika 20 na ushee hivi. Ukizifuata kwa mpangilio huo unaona kabisa mtu anakua kazini, na unaona steling na adui wanavyozoeana mpaka mmoja anajua mwenzake atapumua saa ngapi.

Ila niseme ukweli, Jumapili ya kwanza nusura nisirudi tena. Filamu za enzi zile kamera ilikuwa inazungushwa kwa mkono, picha kama 16 mpaka 20 kwa sekunde, wakati mashine zilizokuja baadaye zinapitisha 24, na ile kopi waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani haijarekebishwa. Matokeo yake kila mtu anakimbia kama kuku anayefukuzwa shambani. Watoto walicheka sana, lakini mimi niliumia, maana kwenye ule mwendo jitu linapoteza uzito. Mtu ana futi 6 na zaidi, ana kilo 130 na kitu, halafu anatembea tap tap tap kama amebeba mwili wa karatasi? Hapo hakuna wa kumwogopa, na kama hakuna wa kumwogopa basi Chaplin anakimbia nini.

Baada ya onyesho nikamfuata kijana anayeendesha mitambo, nikamwambia dogo hii kitu inakwenda mbio kuliko ilivyopigwa. Nilitegemea anijibu ovyo, hakunijibu ovyo. Akafungua kompyuta pale pale, akashusha spidi kidogo, ikawa bado, akashusha tena mpaka 0.8, tukaangalia wawili banda likiwa tupu. Ilikuwa ile The Floorwalker, ya duka kubwa lenye ngazi za umeme, Campbell ndo meneja mwizi anayetaka kutoroka na hela za duka. Akatokea mlangoni. Daah. Bega likatangulia, halafu kifua, halafu mwili wote ukafuata nyuma taratibu kama lori linalokata kona. Yule dogo akasema, "Kumbe huyu mtu ni mzito hivi." Tangu siku ile wanaonyesha kwa spidi hiyo, na hilo peke yake linatosha kunifanya niwasifie, kwa sababu ni watu wangapi wana biashara zao mteja akiwaambia kitu wanakifanyia kazi siku hiyo hiyo?

Muziki wanaweka wenyewe, ala tupu za taratibu, sauti ya chini, hauna shida.

Mtafsiri sasa. Banda bila mtafsiri sio banda, na huyu wa kwao ana sauti na ana kipaji, anashika maiki anasoma vile vibao vya maandishi kwa Kiswahili na kila mtu anampa sauti yake. Chaplin anamwita Chalii tu, na kwa hapa Arusha unaelewa mwenyewe, watoto wakadhani ni chalii wa mtaani kama wao, wanamshangilia kama wanamshangilia jirani. Campbell anampa sauti ya chini kabisa inayotokea tumboni. Mpaka hapo safi.

Ila Jumapili ile ya kwanza alisema kitu ambacho sikukubaliana nacho. Alisema hawa jamaa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja hata nje ya kamera, kwamba walichukiana kweli ndo maana wanapigana vizuri. Sio kweli na sio haki kwa marehemu. Walikuwa marafiki. Campbell aliwahi kuhamia klabu ya wanamichezo ya Los Angeles, chumba jirani na cha Chaplin. Na hata usingejua hayo, macho tu yangekuambia. Angalia mtu wa kilo 130 anavyoanguka chali bila kumwumiza mwenzake wa nusu yake. Angalia teke la Chaplin linavyofika pale pale kila mara, na Campbell anavyogeuka sekunde ile ile inayotakiwa, hawahi wala hachelewi. Hivyo vitu havifanywi na watu wanaochukiana. Kwenye vichekesho vya kupigana nusu ya kazi ni ya anayepigwa, yeye ndo anayeuza kipigo.

Mtafsiri nilimweleza, akanisikiliza, na Jumapili ya pili akarekebisha mbele ya watu wote kwa maiki. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Nisiwachoshe na kila filamu. Ile ya zimamoto kazi yake ni bosi anayekubaliana na baba wa binti waiache nyumba iungue baba ale bima na yeye apewe binti, iko sawa. Ya duka la rehani anatokea kidogo tu, mwizi. The Vagabond mpwa wangu hakuipenda, na mimi namwelewa, Campbell mle ana mjeledi na anampiga msichana, hakuna kucheka hapo, uso wake umekuwa mgumu kweli. Nilimziba macho kidogo. Lakini ukiitazama kama mtu mzima unaona huyu jamaa hakuwa mcheshi mnene tu, angeweza kukutisha kweli kweli akitaka, na ndo maana hata anapochekesha kuna woga unabaki kwa chini.

Behind the Screen imekaa kwa watoto wa sunday school kabisa. Wote wawili wanafanya kazi nyuma ya seti za sinema, bosi anaitwa Goliath na msaidizi wake anaitwa David, Daudi na Goliati, bosi analala siku nzima na Daudi anabeba viti vyote kwa mkupuo mmoja mpaka anaonekana kama nungunungu. Watoto wote walijua mwisho wake utakuwaje kabla haujafika, na bado walipiga kelele ulipofika.

Halafu Jumapili ya nne wakapiga Easy Street, ya Januari 1917. Hapa naomba nikae kidogo.

Mtaa ni wa kimaskini, wababe wamejaa, na mbabe wa wababe ni Campbell. Polisi wanarudishwa kituoni kwa machela mmoja baada ya mwingine. Chaplin hana kazi, anaingia kituoni anaajiriwa, anapangiwa mtaa ule ule. Anaingia na kirungu chake. Mtaa mzima umekimbia, wamebaki wawili. Chaplin anampiga kirungu cha kichwa, kwa nguvu zote. Na Campbell hafanyi chochote. Hashtuki. Hapepesi hata jicho. Anapigwa tena, anatazama tu, kama mtu anayesubiri kifodi, daladala zetu za hapa. Watu wanadhani kutofanya kitu ni rahisi, jaribu wewe ukae mbele ya mtu anakupiga kichwani hata na kirungu cha uongo usipepese macho. Mtoto alinishika mkono, vidole vyake vina chumvi ya karanga, kucha zikaingia.

Kisha jitu linataka kumwonyesha polisi nguvu zake. Linashika nguzo ya taa ya barabarani, taa za gesi za enzi hizo, linaipinda. Pole pole. Mabega yanapanda, shingo inazama, nguzo inashuka mpaka taa inafika usawa wa kichwa chake. Na kosa lake liko hapo hapo, maana Chaplin anamrukia mgongoni, anamvalisha ile taa kichwani, anafungulia gesi. Jitu linalegea, magoti kwanza. Chaplin anampima mapigo kama daktari, anafikiria kidogo, anamwongezea gesi tena. Banda zima lililipuka, mama wa karanga aliingia ndani kabisa na beseni lake akasimama katikati, hakuna aliyemwambia atoke.

Kuna kitu kilitokea wakati wa kupiga filamu ile, nguzo ilimwangukia Chaplin puani, akashonwa, kazi ikasimama. Kwa hiyo ile nguzo unayoicheka haikuwa mchezo.

Na mwisho wa ile filamu mtaa umetulia, limefunguliwa kanisa, watu wanaenda ibada, na jitu linatokea limevaa suti, kofia safi, limemshika mke wake mkono, linatembea upande wa barabara kwa adabu. Nyusi ni zile zile lakini uso ni wa mtu mwingine. Kwa kutumia mwendo tu. Baba alikuwa anasimulia kwamba jitu lile mwishoni lilikwenda kanisani, na sisi tulidhani amejiongezea mwenyewe ili tusiote ndoto mbaya usiku. Nilikaa pale kwenye benchi nikawa nasikia sauti yake kabisa.

Nyusi zenyewe, kwa wanaouliza. Filamu za wakati ule zilikuwa haziioni vizuri rangi nyekundu, uso wa mtu ulikuwa unatoka mweusi na wenye mabaka, kwa hiyo waigizaji walipakwa poda nzito nyeupe halafu macho na nyusi zinachorwa upya kwa rangi nyeusi. Wengine walichora ili wapendeze. Campbell alizichora kutoka katikati ya pua zinakwenda juu mpaka karibu na nywele, kama vibao viwili vilivyoegemezwa, na hivyo hata aliyekaa benchi la mwisho kabisa anajua amekasirika. Mpwa wangu aliporudi nyumbani alichukua wanja wa mama yake akajichora, na watoto wa pale uani wakawa wanagombania nani awe jitu. Sio nani awe steling. Nani awe jitu. Dada alinipigia simu usiku ule akanisema sana kuhusu wanja wake, nikamnunulia mwingine.

Jumapili ya tano ndo niliyoipenda kuliko zote pamoja na kwamba mtafsiri aliniudhi. Walianza na The Cure, ya watu waliokwenda kwenye chemchemi kujitibu, Campbell mguu mmoja umefungwa bandeji nene kwa sababu ya gauti na Chaplin anaunasa ule mguu kwenye mlango wa kuzunguka. Anayejua gauti anajua, hata shuka likigusa kidole unapiga kelele. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja ana ugonjwa huo, alikuwa anacheka huku ameshika goti lake.

Kisha The Immigrant, Juni 1917. Sehemu ya pili ni mgahawani. Chaplin kaokota sarafu moja barabarani, kaingia kula, kumbe mfuko umetoboka sarafu imedondoka. Wakati huo huo anaona mteja mwingine aliyepungukiwa senti kumi anapigwa na wahudumu wote mpaka anatupwa nje, na mkuu wa wahudumu ni Campbell. Sasa Chaplin anajua bili inakuja na hela hana. Campbell anasimama karibu na meza. Hafanyi kitu, anasimama tu. Sarafu inaonekana chini, Chaplin anaikanyaga, anaipata, anaitoa, Campbell anaiweka mdomoni anaiuma, inapinda. Feki.

Pale ndo mtafsiri alitakiwa anyamaze. Anyamaze kabisa, atuache na pumzi zetu. Yeye akawa anatupia utani juu ya utani, mara bili ya nyama choma, mara sijui nini, na watu nusu wanamcheka yeye na nusu wanaangalia picha, ule mvutano ukakatika. Nilimwambia baadaye kwa upole, kaka, una sauti nzuri Mungu kakujalia, ila pale mgahawani uso wa yule mhudumu ulikuwa unaongea tayari, wewe ulimkatisha. Alikaa kimya kidogo halafu akasema kweli. Jumapili iliyofuata alinyamaza mahali tatu na banda lilikuwa kimya hadi unasikia feni ya projekta.

Kuna dokumentari moja ya mwaka 1983 iliyokusanya vipande ambavyo Chaplin alivikata havikutumika, na mle unaona kwamba mwanzoni yule mhudumu hakuwa Campbell. Alikuwa Henry Bergman, mwigizaji mwingine wa kundi lile, mzuri tu, mnene pia. Wakapiga na kupiga tena, haikukaa. Bergman ukimtazama unaona unaweza kumbembeleza akakusamehe bili. Chaplin akamtoa akamweka Campbell, wakarudia, na ghafla ile sarafu ikawa ni suala la kufa na kupona. Sarafu ni ile ile. Meza ni ile ile. Ndo maana nasema bango la banda lile halikuwa sawa na jina moja.

Jumapili ya sita ilikuwa The Adventurer peke yake, Campbell ana ndevu kubwa, ni mchumba mwoga anayeshindwa kuokoa watu baharini halafu anamwonea wivu aliyewaokoa. Kichwa kinanasa kwenye mlango wa kuvuta. Nzuri, ila naona ya kawaida ukilinganisha na zile mbili. Baada ya hapo walizima projekta wakawasha taa, na mtafsiri akaweka maiki chini akatusimulia kwa sauti yake ya kawaida jinsi ilivyoisha.

Julai 1917 mke wa Campbell alifariki ghafla, moyo. Siku chache baadaye binti yao Una, wa miaka 16, akiwa njiani kwenda kununua nguo ya msiba wa mama yake, akagongwa na gari akaumia vibaya. Hazikupita wiki nyingi baba akaoa tena, na ndoa ile haikufika hata miezi miwili mke akaenda mahakamani kudai talaka. The Adventurer ilitoka Oktoba mwaka huo, watu wanacheka mlango ulivyombana kichwa, na mtu yule yule nyumbani kwake hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Tarehe 20 Desemba 1917 alfajiri, akitoka kwenye sherehe, gari lake likagongana na lingine Los Angeles. Alikuwa na miaka 37. Wakamchoma kama desturi ya wengine kule, na majivu hayakuzikwa. Yalikaa tu yanasubiri, yakaja kuzikwa mwaka 1952.

Mama wa karanga alikuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Miaka 35 hana wa kumzika?" Mtafsiri akamjibu ndio mama. Akasema, "Jamani. Mungu amrehemu." Akaketi kwenye benchi la nyuma, beseni mapajani, na watoto waliokuwa wanataka kununua wakasubiri.

Haya, ya huduma yenyewe sasa. Wanachelewa. Wanasema saa tisa, siku mbili kati ya sita walianza saa kumi kasoro, na wazazi wenye watoto wadogo hilo ni tatizo, giza linawakuta njiani. Choo hakuna, unaelekezwa nyumba ya jirani, mwenye nyumba mkarimu ila sio utaratibu, kwa kiingilio kile na watu wale wanaweza kujenga hata cha mabati. Umeme ulipokatika Jumapili ya tatu wakawasha jenereta, wakaliweka karibu sana na ukuta wa kulia, moshi ukaingia ndani, watoto wakaanza kukohoa mpaka tukafungua pazia na picha ikapauka. Walisogeza, lakini wangejua mapema. Mabenchi hayana pa kuegemea, beba kitambaa au sweta la kukalia.

Kwa upande mwingine ni salama, hakuna bangi, hakuna wahuni, kuna kaka mmoja mlangoni anahakikisha watoto wanakaa mbele wakubwa nyuma, na akimwona mtoto ameletwa bila mtu mzima anamwuliza nyumbani kwao wapi. Na filamu zenyewe zimeshapita zaidi ya miaka 100, Marekani ziko huru mtu yeyote anaruhusiwa kuzionyesha, kwa hiyo hamna ile habari ya kuangalia kitu cha wizi. Mimi nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka wajenge choo.

Jumapili ya sita wakati tunatoka nilimwomba mwenye banda kitu kimoja, nikamsimulia habari za baba na lile gari la sinema. Hakusema ndio wala hapana. Jana nimepita pale na mzigo wangu wa viatu, nikakuta bango limepakwa upya. Juu CHARLIE CHAPLIN, chini yake kwa herufi za ukubwa ule ule, ERIC CAMPBELL, na pembeni wamechora nyusi mbili nyeusi tu, bila uso.

Wanarudia zote 11 kuanzia Jumapili ijayo. Fika saa nane na nusu upate benchi la kati, ukae upande wa kushoto mbali na jenereta, na kama una mtoto mdogo Jumapili ya pili ile ya mjeledi mtoe nje anunuliwe ubuyu, mrudishe ikianza ya pili.